Chupa ya Baba na Pembe Zilizotazama Chini

Mnanitafuta sana siku hizi. Juzi mmoja wenu alinipata kwenye simu nikiwa nakunywa uji, hata shikamoo hajaimaliza vizuri ameshauliza, "Mzee, naomba jina la muuzaji mwaminifu wa vitu vya kale vya askari." Jina tu, kama anaomba namba ya bodaboda. Nikamwambia sina. Akacheka, akadhani namficha mali. Basi kaeni niwaeleze kwa nini sina, na atakayechoka aondoke, mimi nimeshazoea kuongea peke yangu.

Kazi hii niliifanya miaka mingi. Nilinunua na kukusanya vitu vya askari wa zamani: vifungo vya makoti, mikanda, kofia za chuma, nishani, filimbi, chupa za maji. Vingine walirudi navyo wazee waliopigana vita vya Mjerumani, vingine vilitoka Bama huko Asia, na vingine vya hawa wetu wa Kagera. Nilivipeleka kwa watu wanaokusanya, na vile vilivyonigusa moyo nikabaki navyo kwenye chumba cha uani hapa Shinyanga. Msidhani ni kazi ya heshima. Majirani waliniita mzee wa makopo, na mke wangu hakuwahi kuwakanusha.

Aliyenifundisha ni Mama Zuhura, mwanamke wa Tabora aliyekuwa akinunua vyuma chakavu pale sokoni. Alikaa juu ya injini ya trekta iliyokufa, kanga kiunoni, mizani mbele yake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko bati alilouza. Siku ya kwanza nilimpelekea mkanda wa askari nilioununua Geita, nikiwa nimevimba kichwa. Aliupitishia kidole, akanionyesha kidole chenyewe. Kilikuwa chekundu.

"Hii kutu ya wiki iliyopita," alisema. "Chumvi na mkojo wa ng'ombe. Wewe Msukuma mzima umeshindwa kunusa mkojo wa ng'ombe?"

Wauza samaki waliokuwa jirani walicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze. Lakini nilirudi kesho yake, na kesho yake tena, na ndipo akaanza kunifundisha. Kutu ya kweli imekula chuma mpaka ndani, haikupaki kidoleni. Nishani iliyomiminwa na sonara kwenye kalibu huwa na herufi nene zilizovimba. Ya kweli herufi zake zina kingo kali, hata kama zimelika. Sufu iliyochovywa kwenye majani ya chai inanuka chai ukiitia maji. Na ukimwona mtu anaanza na hadithi ya babu yake kabla hajakufungulia furushi, we shika mfuko wako.

Kuhusu watu alikuwa na neno moja. "Muulize kasoro," alisema. "Mwaminifu huanza na kasoro. Tapeli huanza na sifa." Nililichukua neno lile nikaishi nalo. Nitawaambia lilinifikisha wapi.

Geita, mjue, ni mji wa dhahabu, na penye dhahabu kila mtu anauza ndoto. Kuna jamaa alinifuata mpaka nyumbani na rupia ya Mjerumani. Alisema ina nguvu, inavuta mchele. Akaomba sahani, akamwaga mchele wake mwenyewe aliokuja nao, akaisogeza rupia, na kweli punje zikaanza kutambaa kuifuata. Mke wangu akasimama na mwiko mkononi, mdomo wazi. Kabla sijasema neno, kuku wetu jike akarukia mkekani akaanza kudonoa. Yule bwana alimkimbiza yule kuku uani kote akipiga kelele, "Atakufa, atakufa, una vumbi la chuma!" Basi yeye mwenyewe ndiye aliyeutangaza utapeli wake. Kuku hakufa, ila sisi hatukuthubutu kumla, akazeeka kwa amani.

Na kijiji kimoja upande wa Kolandoto nilimkuta mzee ametegeshea mlango wake bomu la mkono ili usijifunge kwa upepo. Aliliokota mwanawe akitoka vitani, akalileta kama zawadi. Nikamwambia, "Baba, shikamoo, tutoke nje wote taratibu." Polisi walikuja, na wataalamu wa jeshi wakalichukua. Mzee akaninunia kwa sababu mlango wake sasa unajibamiza. Kwa hiyo sikieni: silaha, risasi, kitu chochote kinachoweza kulipuka, usikiguse, usikinunue, ita polisi. Na kitu cha zamani sana, kaulize kwanza serikalini kama kinaruhusiwa kuuzwa. Haya mengine nitakayosema ni ya moyo, lakini hilo ni la uhai.

Siku hizi mnanunua kwa picha za simu. Mtu yuko Kahama anakutumia picha ya kofia ya chuma, wewe uko Mwanza unatuma hela, kofia inakuja ni sufuria iliyokatwa mpini. Halafu mnanipigia mkilia. Picha hainusiki, wanangu. Lakini sitawacheka sana, kwa sababu mimi nilishika kwa mikono yangu, nikanusa kwa pua yangu, na bado nikaliwa.

Baba yangu alipigana Bama. Alirudi na vitu vichache, na alichokipenda ni chupa ya maji ya bati lenye rangi ya bluu, imevikwa nguo ya sufu. Alichungia nayo ng'ombe. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo alipotaka kuonyesha kwamba chupa ni yake alichukua ncha ya patasi akachora kwenye bega la chupa, chini ya kizibo, alama ya ng'ombe wetu: upinde uliofunguka kuelekea juu, ndizo pembe, na chini yake mstari mmoja uliosimama. Alama hiyo hiyo tunawachoma ng'ombe wetu pajani mpaka leo. Baba alipofariki, mama alibaki na chupa. Alienda nayo shambani, akatunywesha sisi wote kwenye mdomo ule ule.

Wakati wa kuhamia vijijini vitu vilipakiwa kwenye lori kama kuni, vikashushwa njiani, vikapakiwa tena. Tulipofika, chupa haikuwemo. Mama hakulia kwa nyumba aliyoiacha. Alililia ile chupa.

Miaka ikapita, akazeeka, macho yakaingia ukungu mpaka akawa ananijua kwa sauti. Nilikuwa naenda kumwona kijijini, nakuta anapapasa vitu nilivyokuja navyo, vifungo, filimbi, anavirudisha mkebeni kimoja kimoja. Siku moja akaniambia, "Masanja, unawatafutia watu wote vitu vya baba zao. Chupa ya baba yako huioni? Nataka kuishika kabla sijaondoka."

Nikamwambia, "Nitaileta, Mayu." Na tangu siku ile kazi yangu yote ikawa hiyo moja. Hayo mengine niliyafanya njiani tu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo nilipokosea, na ni kosa la mfugaji. Kwetu ng'ombe akipotea, humfichi. Unatembea njia nzima, kila unayekutana naye unamsimamisha, mnasalimiana, unachukua kijiti unamchorea alama yako kwenye vumbi. Na yule mfugaji mwenzako haitazami akiwa mbele yako. Anazunguka, anasimama nyuma ya bega lako, aione kama unavyoiona wewe. Hivyo ndivyo ng'ombe wanavyorudi, watu wengi wakiijua alama yako. Mimi nikaitafuta chupa kama ng'ombe. Shinyanga, Geita, kote nilikopita nilichora.

Pale Geita nilikuwa na Deus. Alikuwa mdogo kwangu, mzaliwa wa machimbo, baba yake mchimbaji na mama yake akiuza chakula kwa wachimbaji. Hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Alianza kwa kununua vitu vya zamani kutoka kwa wachimbaji wanaotoka kila mkoa. Mara ya kwanza aliponiletea kofia ya chuma, kabla sijaishika alisema, "Kaka, ndani kamba zake si zenyewe, nimezibadili mimi." Nikamkumbuka Mama Zuhura. Mara nyingine aliniletea nishani, akasema, "Hii sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya." Kuna kifungo nilichokwisha kununua kwake, akanifuata stendi mbio, jasho linamtiririka, kuniambia amegundua kimechongwa juzi, nimrudishie. Niambieni nyinyi, mtu wa namna hiyo mngemwitaje?

Nikamfundisha yote. Kutu, sufu, herufi za nishani, namna matapeli wanavyofukia kitu kwenye kichuguu kikazeeka haraka. Alilala kwangu, mke wangu alimpikia michembe ya viazi, watoto wangu walimwita baba mdogo.

Siku nilipomwambia habari za chupa tulikuwa tumekaa uani kwake, yeye kwenye kigoda, mimi mbele yake kwenye kigogo, tunakula sato kwa ugali. Nikamwambia yote: Bama, lori, macho ya mama. Nikafuta mkono, nikaokota kijiti, nikachora alama kwenye vumbi katikati yetu. Deus hakuinuka. Aliinamisha kichwa akaitazama pale pale alipokaa, mwiba wa samaki mdomoni, akasema, "Nimeiona, kaka. Ikipita Geita haitanipita."

Kiangazi kilichofuata alishuka kwenye basi Shinyanga na furushi la kanga. Hakuniambia hadithi. Alisema, "Angalia mwenyewe, kaka. Kizibo si chake." Alianza na kasoro, mnaona.

Nikaikagua nilivyofundishwa. Sufu ilikuwa sufu, niliilowesha haikunuka chai. Bati lilikuwa bati la vita, rangi ya bluu imebanduka mahali inapobanduka kwenye chupa zote za namna ile. Kutu haikupaka kidole. Na chupa yenyewe ilikuwa ya kweli, nawaapia, ya askari kabisa; zilikuja nyingi. Halafu nikageuza, nikaona pembe na mstari begani, na macho yangu yakajaa maji. Sikuitazama tena. Nilimkumbatia Deus barabarani watu wakituangalia.

Hakutaka kitu, alisema ni ya mama, haina bei. Ndiyo maana nikampa mtamba. Alitoka kwenye uzao wa ng'ombe wa baba, mwekundu mwenye doa jeupe tumboni, tulikuwa tumemchoma alama majuzi tu. Nikamkodia gari mpaka Geita. Niliona hata huyo hatoshi.

Mama alikuwa amekaa mlangoni nilipofika. Nikamwamkia, nikampigia goti, nikamwekea chupa mapajani. Aliinusa sufu. Akafungua kizibo, akakifunga. Kidole gumba chake kikapanda begani mwa chupa kikaikuta alama, uso wake wote ukatabasamu, nikasema moyoni, Masanja, leo umekuwa mtoto wa mtu. Kisha kidole kikarudi. Kikapita tena polepole, na tabasamu likaondoka.

"Pembe zimetazama chini," alisema.

"Mayu, ni kuukuu, imelika."

"Haijalika. Zimetazama chini. Baba yako hakuwa na ng'ombe waliokufa."

Nikainama nikaitazama mikononi mwake, safari hii kwa macho makavu. Kizibo juu, kama chupa inavyokaa, na ule upinde ulikuwa umefunikwa kama chungu, mstari umesimama juu yake. Nikabishana naye. Naona aibu kuwaambia nilibishana na mama yangu kipofu kuhusu kitu alichokishika miaka yake yote ya ujana. Aliniacha nimalize, akanirudishia chupa mkononi.

"Wabeja," alisema, ndiyo asante yetu. "Umehangaika. Nipe maji."

Nikataka kumtilia kwenye ile chupa. Akasema hapana, kikombe cha plastiki kipo pale.

Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi. Nilikuwa bado nasema moyoni kwamba Deus ametapeliwa kama mimi, kwamba kuna mchimbaji fulani amemchezea. Nikaokota kijiti nikachora alama kwenye vumbi, kama nilivyomchorea yeye, pembe zikitazama mbele yangu. Halafu nikainuka, nikazunguka, nikaenda kuchuchumaa upande wa pili, pale ambapo kingekuwa kigoda chake. Nikatazama. Ilikuwa ile ile ya kwenye chupa, haikupungua wala kuongezeka. Wafugaji wote niliowachorea walizunguka. Aliyeitazama kutoka upande ule alikuwa mmoja.

Nilipanda basi la asubuhi kwenda Geita. Nilimkuta Deus uani anafunga mzigo, akaniona, akaacha kamba ikaanguka. Hakuniamkia. Nikatazama huku na huku, nikamuuliza, "Mtamba yuko wapi?"

"Nilimuuza, kaka."

"Lini?"

"Siku ile ile aliposhuka kwenye gari. Niliiona alama pajani mwake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipoona pembe zinatazama juu nikajua nimekosea. Sikuweza kukaa naye hapa ananigeuzia lile paja kila siku."

"Na mimi hukunipigia simu."

"Ningesema nini? Mama alikuwa ameshaishika. Nilisema labda haoni, hatajua. Kaka, nilikuona unavyoteseka. Ile chupa yenu imeshakuwa sufuria ya mtu zamani. Nilitaka ufurahi."

"Kwa hiyo ulinionea huruma."

"Ndiyo, kaka. Naapa."

Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba namwamini. Angekuwa mwizi ningemwita mwizi nikalala. Lakini alichukua chupa ya askari mwingine, baba wa mtu mwingine, akaitoboa rangi kwa ncha, akaizeesha kwa mafunzo yangu mimi, akanifutia machozi nayo. Nikamuuliza ni vingapi vingine alivyonifurahisha navyo miaka yote ile. Akasema hakuna. Labda kweli. Lakini nilirudi nyumbani nikafungua chumba changu cha uani, nikakuta kila kitu kilichopita mkononi mwake kinanitazama, na sikuweza kujua. Ujuzi wangu wote haukunisaidia, kwa sababu yeye alikuwa nao pia. Nilifunga mlango, na kazi ikaishia hapo.

Mama aliondoka mvua za vuli zilipoanza. Hakuizungumzia tena chupa. Mara moja tu, akiwa amelala, aliuliza yule mtamba mwekundu amezaa nini. Dada yangu alimwambia amezaa jike. Sikumsahihisha.

Kwa hiyo mnaponiuliza muuzaji mwaminifu ni nani, nawapa ya Mama Zuhura: muulize kasoro, nusa, papasa, mwogope mwenye hadithi. Yafuateni, yatawaokoa kwa wengi. Lakini kile unachokililia wewe mwenyewe, usimchoree mtu. Mwache alete alichonacho, wewe ndiye uijue alama. Ukimwambia muuzaji moyo wako unataka nini, siku moja atakipata, hata kama hakipo.

Chupa ninayo. Watu wanaokuja chumbani huniuliza kwa nini nimeiweka kichwa chini, kizibo kikiwa kwenye ubao na kitako juu. Nimeiweka hivyo ili pembe zitazame juu. Juzi mjukuu wangu aliiona, akaigeuza vizuri, akaenda kuijaza maji bombani aniletee. Nilikunywa. Kisha nikamwaga yaliyobaki, nikaipindua tena.